Dema la wageni liwe dema la kazi

Hoteli za visiwani hupenda kuning'iniza dema, mtego wa samaki uliosukwa kwa mwanzi, ukutani pale mapokezi. Ni pambo zuri, ila dema kavu halimwonyeshi mgeni uvuvi. Kama hoteli yako iko upande wa Ghuba ya Chole, Mafia, kubaliana na mvuvi wa jirani mtege la kweli.

Kwanza uliza mipaka. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na imegawanywa kanda. Kwenye kanda ya kiini hakuna kuvua kabisa, hata kwa maonyesho.

Safari hupangwa kwa mwezi, si kwa saa ya kifungua kinywa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo hupoa na mgeni mwenye miwani ya kuzamia huona vizuri. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na dema lenye mawe machache hubingirika mpaka mdomo ukatazama juu. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu, mwezi wa sita na wa saba, msitoke nje ya ghuba.

Dema jipya lilowekwe kwanza, maana mwanzi mkavu huelea. Mawe yafungwe ndani, kwenye pembe za chini, yasigongane. Litue kwenye mchanga au majani ya baharini kando ya mwamba, kamwe si juu ya matumbawe: litayavunja, nalo litakaa upande. Mdomo uelekee mkondo unakokwenda. Harufu ya chambo huchukuliwa na maji, samaki huifuata akipanda mkondo, na akifika akute mdomo, asikute mgongo wa dema. Kwa tasi tumia mwani. Kwa changu, kaa au konokono waliopondwa.

Mwambie msukaji aache upenyo wa wima pembeni, upana sentimita 3 hadi 4, urefu kama 30. Wavuvi wengine hukunja uso wakisikia hilo. Lakini majaribio ya pwani ya Kenya yalionyesha kwamba samaki wadogo na wembamba wasio na soko hutoka, na wanaobaki ni wakubwa zaidi. Mlango wa kutolea samaki ufungwe kwa ukindu, si nailoni. Dema likipotea, ukindu huoza, mlango hufunguka, na samaki hawafi bure humo.

Boya huvutia wezi, ndiyo maana wazoefu, ili walipate tena dema lao, hulenga alama mbili za nchi kavu, mnara na mnazi kwa mfano. Mfundishe mgeni hilo. Wengi hulipenda kuliko samaki wenyewe. Tegueni kesho yake, isizidi siku mbili, kwani waliobanana huchubuana na wadogo huliwa na chewa.

Samaki ni wa mvuvi. Jikoni wakimtaka changu, wamnunue kwa bei ya siku hiyo, mbali na malipo ya safari. Mkichanganya hesabu hizo mbili, msishangae dema likiibuka na samaki wa jana.