Insha zote zinafanana, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nafundisha Kingereza fom tu, shule ya kata hapa Tanga mjini. Nikiwaambia waandike kuhusu soko karibu wote wananiletea "the market is very big and very beautiful", sentensi tatu kalamu chini. Misamiati nimebandika mpaka ukuta umejaa. Nisaidieni jamani.
Ticha wa Ngamiani

JIBU: Pole ticha, ila huo ukuta uache kwanza, sidhani kama shida iko hapo. Mtoto ukimwambia aelezee soko huku kakaa darasani ataandika soko lolote tu, ndo maana yanafanana. Mpe kitu kimoja akiangalie. Tanga baiskeli hazikosekani, toka nao nje mkaizunguke moja, waulize kengele inaliaje, siti imechanika wapi, ukishika cheni kidole kinabaki na nini. Na waongee Kiswahili hapo, najua kuna walimu watanuna, lakini huyu kasoma la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili afu fom wani ndo akakutana na Kingereza masomo yote, ukimziba mdomo atarudi kwenye "very" yake.

Mkirudi darasani andikeni aya moja pamoja, wao wanasema we unaandika ubaoni. Wakisema "the bicycle is old" usiikatae, waulize tu mmejuaje ni kuukuu? Hapo atatokea mmoja aseme sponji linachungulia, basi futa mbele yao uandike "yellow sponge is coming out of the torn seat". Neno "torn" sasa litawakaa maana wamelihitaji wenyewe.

Mpangilio wa sifa nao unawasumbua, sisi tunaanza na jina la kitu, Kingereza sifa zinatangulia tena kwa foleni, ukubwa, umri, afu rangi: "a big old black bicycle". Ila wasirundike, mbili zinatosha.

Kama darasa limejaa wakae wawiliwawili, mmoja asome aya yake bila kutaja kitu chenyewe, mwenzake achore. Mchoro ukienda kombo mwenye aya anajionea mwenyewe alichosahau kuandika.

Kusahihisha sasa, usipake wino mwekundu daftari zima, chagua kitu kimoja, wiki hii sifa, wiki ijayo vitenzi. Na daftari zikirudi wape kipindi kizima waandike upya aya ileile, usikimbilie mada mpya.