Kurudisha mipira si kazi ya mchezaji wa akiba

Mkuu, umeuliza kama mwanao anayecheza futiboli ya Kimarekani sekondari huko Ohio akubali kupangwa kurudisha mipira inayopigwa na wapinzani (yaani kuudaka mpira uliopigwa teke na kukimbia nao kuelekea upande wao), wakati moyo wake uko kwenye kudaka pasi pembeni. Wadau wawili watatu wamekujibu kwamba hapo huwekwa wasio na namba. Nawapinga kabisa.

Nimeishi Chicago enzi za Devin Hester, mrudisha mipira maarufu, akiwa Bears, timu ya mji huo, na uwanja wao wa Soldier Field nimeingia sana. Kwa kawaida wapinzani wakishindwa kusonga na kujiandaa kuupiga mpira mbali, watu huinuka kwenda kununua vinywaji. Enzi zile hakuna aliyebanduka. Waliokwisha kuanza kushuka ngazi waliganda hapo hapo, macho yote kwa namba 23 aliyesimama peke yake kule nyuma. Mara nyingine mpigaji aliiogopa kasi ya Hester, akautoa mpira nje makusudi. Hester hajaugusa, ila Bears wanaanza mashambulizi wakiwa karibu zaidi na goli. Faida hiyo huikuti kwenye takwimu zake.

Bears walimchukua mwaka 2006 kutoka Chuo Kikuu cha Miami, raundi ya 2 ya kuchagua wachezaji wapya. Februari 2007, kwenye Super Bowl (fainali ya ligi) dhidi ya Colts, teke la kufungua mechi alilirudisha yadi 92 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi. Hakuna aliyewahi kulifanya hilo kwenye Super Bowl kabla yake. Bears walifungwa 29-17, lakini baada ya teke lile Colts walijitahidi sana kumkwepa.

Kisha Bears wakamgeuza mdaka pasi. Msimu wake bora kwa kazi hiyo ni 2009: pasi 57, yadi 757. Si haba. Lakini tazama upande wa pili: 2006 na 2007 alirudisha mipira hadi tachidauni mara 6 kila msimu, halafu 2008 na 2009 hakupata hata moja. Kwa maoni yangu walimchosha. Anayekimbia njia za pasi mchana kutwa, ukimwambia arudi nyuma akadake tena, miguu haiwi ile ile.

Mwaka 2014, akiwa timu ya Falcons, alifikisha tachidauni 20 za kurudisha mipira na kumpita Deion Sanders aliyekuwa akishikilia rekodi. Mwaka 2024 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la wachezaji bora wa futiboli hiyo, wa kwanza kuingia hasa kwa kazi hii ya kurudisha mipira. Jumba lenyewe liko Canton, huko huko Ohio mliko. Mpeleke kijana akaone.

Kwa hiyo akubali, ila wewe fuatilia usalama. Wachezaji hugongana wakiwa kasi ya mwisho, ndiyo maana mwaka 2011 NFL, ligi kuu ya kulipwa, ilisogeza teke la kuanzia kutoka yadi ya 30 hadi ya 35, irudishwe mipira michache zaidi. Kichwa kikigongwa, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema yuko sawa. Mazoezini adake viwiko vikiwa vimebana, mpira uingie kifuani, asianze kukimbia kabla haujatulia mikononi. Na muulize kocha kama ameshamfundisha kuinua mkono kuashiria kwamba atadaka bila kukimbia, maana akifanya hivyo wapinzani hawaruhusiwi kumgonga. Kama bado, hilo lianze kabla ya mechi yoyote.