Muulize Bi Mkubwa: Henzirani ya kiti, henzirani ya chuoni

Wiki hii barua tatu, na zote zinakwenda kwenye henzirani, hiyo wengine wanayoiita ratani, ya viti na ya fimbo, sijui mmeambiana.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mie niko Wete, bibi kaniachia kiti cha kusuka, kile chenye matundu matundu kwenye kikalio, sa hivi ukikaa unazama. Fundi anataka kukata zote atie kamba za plastiki. Alafu bwana anasema huu mwanzi tu, sio henzirani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzuie fundi kwanza. Na huyo bwana mwambie apindue kiti atazame ncha ya mguu, mwanzi ndani una uwazi kama bomba, henzirani imejaa mpaka kati, ndo mana inakunjwa ikawa duara na isivunjike. Ni jamaa wa mnazi na mkindu ila haiwezi kusimama peke yake, inapanda miti myengine kwa miiba kama ndoana, na ziko aina zinapita mita 100. Nyingi inatoka Indonesia. Ganda lake linachanwa nyuzi bapa za kusukia kikalio kama hicho chako, na moyo wake ndo wa vikapu.

Sasa huko kuzama. Kama nyuzi hazijakatika basi zimelegea tu. Kipindue kiti, chukua kitambaa ulichotia maji ya vuguvugu, kipapase kwa chini, sio juu, mana juu kuna vanishi maji hayapiti. Kilowe vizuri kisha kiache usiku kucha penye upepo, usikianike juani. Kikikauka nyuzi zinajivuta, asubuhi ukipiga kofi unasikia kimekaza kama ngoma. Marehemu baba alikuwa akifanya hivo kila baada ya masika na viti vyake vimemzika. Ila ukiona unga mwembamba chini ya miguu, huyo bungua, kitenge mbali na viti vyengine kabla hajahamia. Na nyuzi zilizokatika hazina dawa ya maji, hapo msukaji tu.

SWALI: Bi Mkubwa, nauza vikapu Mji Mkongwe, watalii wanauliza kama ni ratani nawambia ndio. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, unawauzia jina la kitu cha wenzetu na cha kwetu unakificha. Hivo ni ukindu au miyaa, umesukwa ukili mrefu kisha ukashonwa kwa sindano kuzungukia. Mtu akiona ule mshono kwa jicho lake bei utapanga wewe.

SWALI: Mwanangu miaka 9 karudi chuo cha Kurani ana mistari mitatu mgongoni imevimba, ya henzirani. Baba yake anasema sisi tulimkabidhi mwalimu tukamwambia nyama yako mifupa yangu, niache. Moyo haunipi. Mama, Unguja.

JIBU: Moyo wako uko sawa mama. Hata mie nimepigwa, henzirani ya mwalimu wetu ilikuwa inachomekwa kwenye makuti juu ya mlango, sote macho huko, na hata leo nakumbuka mlio wake lakini aya niliyokosea siku ile siikumbuki.

Tena wanaume wanapenda kusema ni kifimbo tu. Singapore henzirani ni adhabu ya mahakama, kwa wanaume wazima walotiwa hatiani, na bado walopita miaka 50 hawapigwi, fimbo hazizidi 24, na lazima daktari ampime mtu kwanza. Mwanao alipimwa na nani? Uingereza, walokuwa wakiwacharaza watoto wao kwa fimbo hiyo hiyo, skuli zao za serikali ziliacha 1987. Kenya 2001. Huko Bara kanuni bado inaruhusu skuli, lakini hazizidi 4 na ni mwalimu mkuu au alomteua kwa maandishi, na hapa kwetu ipo Sheria ya Mtoto namba 6 ya 2011 inayomkinga mtoto na ukatili. Mgongo uliovimba usiuite adabu.

Mpeleke hospitali leo leo, hata kama uvimbe umepungua, ili iandikwe. Kisha nenda kwa mwalimu na mtu mzima mmoja anaemuheshimu, mjomba wa mtoto kwa mfano, umwambie kwa upole kwamba ile nyama umeirudisha kwako, akikosea mtoto akuite. Akikubali, alhamdulillahi, chuo kinaendelea. Akija juu, muone sheha wa mtaa wenu, na vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwasaidia walofanyiwa ukatili, vipo. Ila chuoni usiende Ijumaa, utakuta pamefungwa na hasira zako utazirudisha nyumbani kwa bwana.