Opera ya saa za Toledo, maneno kaandika nani?

SWALI: Mhariri habari. Nimeangalia opera (tamthilia ya kuimbwa) ya Ravel, yule mtunzi muziki wa Kifaransa, inaitwa L'heure espagnole nimecheka mpaka mbavu zikauma, ila kila mahali ni Ravel Ravel tu. Yale maneno nayo katunga yeye?

JIBU: Hapana ndugu yangu, maneno ni ya Franc-Nohain, Mfaransa aliyezaliwa 1872, jina lake halisi Maurice Étienne Legrand, alisomea sheria akawa wakili halafu akaingia kazi ya serikali, huku mashairi ya kuchekesha anayaandika pembeni.

Na wala hawakukaa wawili wakatunga opera. Ilikuwa tamthilia ya kuongea tu, ikachezwa ukumbi wa Odéon, Paris, 1904. Ravel kaja kuichukua 1907 na kaiwekea muziki karibu neno kwa neno, ndo maana waimbaji unawasikia kama wanapiga stori, sauti hawaivuti, isipokuwa yule mshairi Gonzalve, mmoja wa wapenzi wa mke wa fundi saa, huyo anaimba kwa mbwembwe mwanzo mwisho na ni makusudi, tumuone kituko.

Utani wenyewe sasa ni wa Franc-Nohain mtupu. Fundi saa wa Toledo, Hispania, katoka kwenda kutia ufunguo saa za mji, mkewe Concepcion ana saa moja tu ya kuonana na wapenzi wake, mara dukani kuna mteja, Ramiro mwendesha nyumbu, kaleta saa yake itengenezwe na haondoki. Afanyeje? Anambebesha masaa makubwa ya kusimama apandishe chumbani ashushe apandishe, wapenzi wamejificha humohumo ndani, na jamaa anayabeba kama kabeba mto wa kulalia, wala halalamiki. Mwisho mama anamwambia apande tena, safari hii bila saa. (Mimi hapo ndo huwa nacheka zaidi.)

Mkurugenzi wa Opéra-Comique, ukumbi wa opera wa Paris, alisitasita sana kuionyesha kwa ajili ya tabia za huyo mama, mpaka 19 Mei 1911 ndo ikapanda jukwaani.

Halafu inasimuliwa kwamba Ravel alipomaliza kumpigia Franc-Nohain kazi nzima kwenye piano, akawa anasubiri asifiwe, mwenzake akachomoa saa mfukoni, akaiangalia, akasema: dakika 56.