Maswali na Majibu: Picha za Damu Kanisani

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba picha za vijusi vilivyokatwakatwa hazifai kuonyeshwa kanisani wala barabarani, hata kama nia ni kutetea uhai. Tangu hapo barua zimemiminika, na nyingi ni matusi yaliyotanguliwa na "Bwana Yesu asifiwe". Matusi nimeyaweka pembeni. Maswali ndiyo haya.

*Mimi ni katibu wa vijana usharikani. Tumepata video ya Marekani inayoonyesha jinsi mimba inavyotolewa, na tumepanga kuirusha kwenye kambi ya Pasaka. Wazee wawili wanapinga. Mtumishi, tangu lini ukweli ukawa dhambi? – Katibu, Mbeya*

Ukweli si dhambi. Ila kabla hujawasha projekta, watazame waliokaa mbele yako. Kuna watoto wa darasa la sita waliokuja na dada zao. Kuna msichana ambaye siku zake zimepitiliza na hajamwambia mtu. Kuna mama mlezi ambaye mimba zake ziliharibika zenyewe na hakuna aliyewahi kukaa naye akalia, maana katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au mbili huharibika hivyo bila mtu kuzigusa. Wote hao unawaonyesha kitu kilekile, taa zimezimwa, mlango umefungwa, bila kuwauliza. Yule msichana ataondoka na somo moja tu: kwamba wewe ni mtu wa mwisho duniani wa kumwambia siri yake. Atampata mwingine wa kumwambia, na huenda huyo akawa na vidonge mfukoni.

Njia hii ina wenyewe. Kuna shirika la Marekani liitwalo Center for Bio-Ethical Reform. Tangu 1998 limekuwa likisimamisha mabango makubwa vyuoni, picha za vijusi zikiwekwa kando ya picha za Wayahudi waliouawa na Wanazi na za Wamarekani weusi walionyongwa na makundi ya wazungu. Watetezi wa njia hiyo hupenda kumtaja Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na wazungu huko Mississippi, Marekani, mwaka 1955. Mama yake aliamuru jeneza liachwe wazi kule Chicago ili dunia ione alichotendewa mwanawe. Ni kisa kizito, ila kinawapinga wanaokitaja. Aliyefungua lile jeneza ni mama mzazi, mwenye msiba wake, na alikuwa akiwaonyesha wenye nguvu uovu wao. Picha unayotaka kuirusha wewe hakuna mwenye msiba aliyeulizwa, na itampiga kwanza aliye mnyonge kuliko wote ukumbini. Waingereza waliopigana na biashara ya watumwa walisambaza mchoro wa meli ya Brookes, uliochorwa 1788: watu wamelazwa wamebanana, safu kwa safu. Hakuna tone la damu katika mchoro ule, na aliyeuona hakuhitaji kuongezewa.

Wasikilize hao wazee wawili. Si mara nyingi mimi huwaunga mkono wazee wa kanisa, kama utakavyoona hapo chini.

*Je, kutoa mimba ni dhambi? – Wasomaji kadhaa*

Ndiyo. Kanisa limesema hivyo tangu enzi za Didake, kile kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo, na mimi nimesema hivyo katika safu hii hadi wahariri wamechoka kunichapa. Anayeniuliza tena hatafuti jibu, anatafuta wa kumpigia makofi.

*Unasema picha hazisaidii. Nairobi mwaka 2004 tuliona vijusi 15 vilivyotupwa, tukavifanyia ibada hadharani, na majeneza madogo meupe. Nchi nzima iliguswa. Utasema na hilo lilikuwa kosa? – Msomaji, Kitengela*

Kuzika si kosa. Kilichotupwa kama taka kinastahili kaburi na wimbo, na ningekuwapo ningeimba. Lakini ukisimulia, simulia hadi mwisho. Daktari mmoja na wauguzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande takriban mwaka mzima, na 2005 mahakama ikawaachilia huru. Kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka. Kisha utafiti wa kitaifa ukakadiria kwamba mwaka 2012 peke yake, mimba zipatazo 465,000 zilitolewa nchini Kenya, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake.

Unasema nchi iliguswa. Sawa, na baada ya kuguswa ilifanya nini? Mwanamke anayekunywa maji ya majivu au chai ya rangi iliyokolea mpaka kuwa chungu hakosi habari. Anajua kilichomo tumboni mwake, na ndiyo maana analia anapokunywa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, "Utalala hapa kwangu, na mtoto akizaliwa tutamlea." Maneno hayo hayabebeki kwenye bango, yana gharama, na nashuku ndiyo sababu tunapendelea bango.

*Naishi Reading, Uingereza, kwa kibali cha kazi. Kikundi cha maombi kinanitaka nisimame nao nje ya kliniki na mabango yenye picha. Niende? – Dada yako ughaibuni*

Usiende. Tangu tarehe 31 Oktoba 2024, katika Uingereza na Wales, kujaribu kumshawishi mtu kuhusu uamuzi wake ndani ya mita 150 kutoka kliniki ya kutoa mimba ni kosa la jinai, na faini yake haina kikomo. Scotland ni mita 200. Waliokualika huenda wana pasipoti za huko. Wewe una kibali tu, na mwenye kibali ana la kupoteza zaidi ya faini.

Hukuniuliza maoni yangu juu ya sheria hiyo, lakini nitayatoa. Sheria inayoweza kumfikisha mahakamani mtu aliyesimama kimya akiomba moyoni imevuka mpaka. Hata hivyo, tusijifanye tumeonewa bila sababu. Miaka nenda miaka rudi kulikuwa na watu wakiinua picha za damu mbele ya macho ya wanawake wanaotetemeka, na kila bango lilikuwa hoja ya bure mikononi mwa waliotaka tufukuzwe. Mchokozi amefika nyumbani kwake, na mwombaji amekamatwa.

Soma uone ilivyokuwa Marekani. Eleanor McCullen, bibi wa Boston, alipinga sheria ya Massachusetts iliyowazuia watu kusimama karibu na milango ya kliniki, na mwaka 2014 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliifuta. Hoja yake ndiyo inayonivutia. Yeye na wenzake walisema hawapigi kelele wala hawapungi mabango, kwa kuwa mambo hayo humkera tu yule unayetaka akusikilize. Wanachohitaji ni kumkaribia mtu, kumtazama usoni na kusema naye kwa sauti ya upole, na kwa njia hiyo, walieleza, wamewashawishi mamia ya wanawake wasitoe mimba. Bibi huyo alishinda kwa sababu ya upole wake. Wenye picha hawakuwa na cha kuwapa majaji.

*Yesu alipindua meza hekaluni. Kwa nini mnatulisha upole tu? – Mwinjilisti, Kahama*

Alipindua meza za wafanyabiashara. Yule mwanamke wa Yohana 8, aliyefumaniwa akizini, hakupinduliwa kitu, na waliokuja na mawe ndio walioondoka mmoja mmoja. Hebu niambie, katika habari yako ya kutoa mimba, wenye meza ni akina nani? Mimi naona mwenye duka la dawa baridi anayeuza vidonge nyuma ya pazia kwa bei ya kukomoa. Naona mwanamume aliyetuma nauli na maneno "malizana nayo". Sijawahi kuona bango lenye sura ya mwanamume huyo, na yeye anapatikana kirahisi, mara nyingine yuko kwaya ya akina baba.

Na nikuonye juu ya hiyo lugha yako ya vita. Tarehe 31 Mei 2009, Jumapili, Daktari George Tiller wa Wichita, Kansas, aliyekuwa akitoa mimba, alipigwa risasi ndani ya kanisa la Kilutheri alipokuwa zamu ya kuwapokea waumini. Aliyemuua alijiona mtetezi wa uhai. Septemba ya mwaka huohuo, James Pouillon, mzee aliyezoeleka kwa mabango yake ya vijusi, aliuawa kwa risasi karibu na shule huko Owosso, Michigan, na mtu aliyechukizwa na mabango hayo. Ukiwazoeza watu kumtazama binadamu mwenzao kama nyama tu, usidhani utaamua wewe nani atashika bunduki.

*Mama mkwe amenitumia picha ya mtoto mchanga aliyeokotwa jalalani, pamoja na jina na picha ya binti aliyekamatwa. Anasema nisambaze kwenye makundi yote. – Irene, Dodoma*

Futa. Na mama mkwe mpigie simu, usimjibu kwenye kundi.

*Nilitoa mimba nikiwa chuo. Sasa nimeolewa, nina watoto, na nafundisha shule ya Jumapili. Semina ya wanawake walituonyesha zile picha, nikatoka nje nikatapika. Rafiki yangu mmoja anasema sijatubu vya kutosha, nisimame madhabahuni nishuhudie. – Nisitajwe, Moshi*

Dada yangu, kutoka kwako nje si dalili ya toba pungufu. Ulionyeshwa maiti ya mtoto wako na watu wasiojua kwamba ni wako, kisha wakaendelea na kipindi cha maswali. Hata jiwe lingetoka.

Hukusema wewe ni wa dhehebu gani, kwa hiyo nitachota kote. Papa Yohane Paulo II, ambaye hakuna atakayemshtaki kwa ulegevu katika jambo hili, katika waraka wake wa 1995 aliandika maneno mahususi kwa wanawake waliotoa mimba: kwamba Kanisa linajua mambo mengi yaliyowasukuma, na kwamba wasikate tamaa wala wasipoteze tumaini. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kudumu ya kuondolea dhambi hii katika kitubio, ili asiwepo wa kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Kwa sisi Waprotestanti hakuna hata ofisi. Uliungama kwa Mungu? Imekwisha. Isaya aliandika, na Mathayo akarudia, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja." Semina yenu ilivunja, na waandaaji wanapaswa kuambiwa, ila si lazima uwaambie wewe.

Usishuhudie madhabahuni. Narudia, usishuhudie. Ushuhuda unaodaiwa na rafiki ni deni, na watu wetu wana kumbukumbu ndefu kwa dhambi za wanawake. Watoto wako watalisikia sokoni. Kama moyo unaelemewa, mtafute mtu mmoja anayeweza kukaa na siri mpaka kufa, na mume wako umwambie siku utakayoamua wewe.

*Binti wa kwaya yetu, kidato cha tatu, amepata mimba. Baraza la wazee limeamua atengwe mpaka atakapojifungua na kutubu mbele ya usharika. Mimi ni mzee mpya, sikusema kitu. Tulifanya sawa? – Mzee wa kanisa, Njombe*

Hapana. Na sasa, mzee wangu, vumilia kidogo.

Baraza lenu limemfundisha kila binti anayewatazama kwamba mimba inayoonekana huadhibiwa na mimba iliyotolewa usiku haiulizwi. Aliyetoa ataimba Jumapili ijayo, aliyeshika uhai atakaa benchi la nyuma miezi tisa na tumbo lake kama hati ya mashtaka. Kisha mnashangaa mabinti wanakwenda wapi. Mnaweza kukodi video zote za Marekani, hazitafuta somo hilo.

Serikali nayo ilifundisha hivyohivyo. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba msichana akipata mimba harudi tena shuleni, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Novemba 2021. Katika miaka hiyo nilitarajia wapinzani wa utoaji mimba wawe wa kwanza kupiga kelele, maana kumwambia mtoto wa miaka 15 achague kati ya mimba na masomo ni kumsukuma kwenye majivu. Nilisikia sauti chache. Siku hizi mlango wa shule uko wazi na ninyi mnafunga wa kanisa.

Na mvulana je? Barua yako ina mistari mingi na yeye hayumo hata mmoja. Kama ni mtu mzima, hilo si suala la nidhamu ya kanisa, ni kesi ya polisi, na baraza linalomalizana na wazazi wa binti kimyakimya linaficha jinai.

Rudi kwenye kikao kijacho useme ulichonyamazia. Na jingine ambalo hukuuliza: mtangazieni kila mtu kwamba mwanamke au binti anayevuja damu kwa mimba, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, apelekwe hospitali hapohapo. Kutibiwa madhara hayo ni halali. Maombi yafanyike ndani ya gari.

*Sawa, umetushinda, hatuchapi mabango. Lakini vijana walishachanga hela. Tuzifanyie nini? – Mweka hazina, Bukoba*

Sijamshinda mtu, ila swali lako ndilo bora wiki hii. Mtafuteni binti mmoja, mmoja tu, aliyeamua kubaki na mimba. Lipieni nauli za kliniki, vifaa vya kujifungulia na bima ya afya kama zitatosha. Akishajifungua, mumuulize yeye mwenyewe anataka kurudi darasani au kusoma nje ya mfumo na kufanya mtihani wa maarifa (QT), ule unaomfungulia mtahiniwa binafsi njia ya mtihani wa kidato cha nne, kisha mlipe ada. Mama wa kumshikia mtoto saa za masomo apatikane kwenye kikundi cha wanawake, kwa zamu iliyoandikwa, si kwa ahadi. Jina lake lisitajwe kwenye taarifa ya fedha. Andika "matumizi ya vijana", na mkaguzi akiuliza, mwambie anipigie mimi.