Maswali ya Wasomaji: Kuunganisha kompyuta ya 1983 na laptopu ya leo

SWALI: Hujambo mhariri. Nimepata kompyuta ya kubebwa ya Tandy, TRS-80 Model 100, na bado inawaka kwa betri zake nne za AA. Ndani yake mna maandishi ambayo nataka kuyahamishia kwenye laptopu ya Windows. Nimenunua adapta ya USB na kebo ya pini 25 kwa pini 9, lakini kwenye laptopu hakitokei kitu. Nimekosea wapi? — *Msomaji, Section 58, Nakuru*

JIBU: Kebo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kuunganisha kompyuta na modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu. Wewe unaunganisha kompyuta na kompyuta, kwa hiyo waya ya kutumia ya upande mmoja inakutana na waya ya kutumia ya upande wa pili, na hakuna anayesikiliza. Unahitaji kebo ya kupishanisha. Ukiuziwa madukani kama "null modem" ni hiyo hiyo, na ukiikosa, itengeneze: plagi ya kiume ya pini 25, plagi ya kike ya pini 9, na mita moja au mbili za waya yenye nyuzi saba.

Pini 2 ya upande wa 25 iende pini 2 ya upande wa 9, pini 3 iende 3, na pini 7 iende 5. Usidhani hapo hazijapishana. Kwenye plagi ya 25 pini 2 hutuma, kwenye ile ya 9 pini 2 hupokea. Kisha 4 iende 8, 5 iende 7, 6 iende 4, na 20 iende 6. Ukiwa na nyuzi tatu tu, tumia zile za mwanzo, halafu upande wa 25 funga 4 na 5 pamoja, 6 na 20 pamoja; upande wa 9 funga 7 na 8, kisha 1, 4 na 6. Hapo kila mashine itaamini mwenzake yuko tayari.

Plagi ichomeke kwenye tundu lililoandikwa RS-232C. Mashine hii ina tundu jingine la pini tisa, BCR, ambalo ni la kifaa cha kusomea alama za mistari za bidhaa. Umbo lake huwapotosha wengi.

Sasa mpangilio. Kwenye Model 100 fungua TELCOM, programu yake ya mawasiliano, bonyeza F3, andika 88N1E, kisha Enter. Nane ya kwanza ni kasi ya baudi 9600, ya pili ni biti nane, N ni kutokuwa na pariti (biti ya kukagua makosa), 1 ni biti moja ya kumalizia, na E inaruhusu mashine kumwambia mwenzake asimame kidogo. Mashine ikitoka kiwandani huanza na M7I1E, na hiyo M hupeleka kila kitu kwenye modemu ya simu iliyo ndani. Ukiiacha M, tundu la RS-232C halitatoa hata herufi moja, kebo iwe nzuri namna gani.

Kabla ya kulaumu laptopu, pima upande mmoja peke yake. Ndani ya TELCOM, ingia TERM (hali ya kutuma na kupokea) kwa F4, hakikisha chini ya skrini pameandikwa Full, unganisha pini 2 na 3 za tundu la 25 kwa kipande cha waya, uandike. Herufi zikionekana, mashine ni nzima. Fanya vivyo hivyo kwenye adapta, pini 2 na 3 za plagi ya tisa, ukiwa ndani ya Tera Term, programu ya Windows ya mawasiliano ya aina hii. Pande zote mbili zikipita na bado kimya, rudi kwenye kebo na mita ya kupimia umeme. Tundu likiwa limefunguliwa na programu na hakuna kinachoandikwa, pini inayotuma huwa na volti hasi ikipimwa dhidi ya pini ya ardhi (graundi).

Kutuma, ukiwa TERM: Tera Term ianze kurekodi, kisha kwenye Model 100 bonyeza F3, andika jina la faili, na ukiulizwa upana bonyeza Enter tu.

SWALI: Mimi natumia Linux. Kutoa faili ni rahisi, lakini nikirudisha faili ndefu kwenye Model 100, maneno hukatika katikati. Mara nyingine huja alama za ajabu. — *Fundi wa redio, Kondele, Kisumu*

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Takataka tupu kutoka mwanzo hadi mwisho maana yake kasi hazilingani. Herufi nyingine zikiwa sahihi na nyingine zikiwa michoro, upande mmoja uko kwenye biti saba zenye pariti na mwingine kwenye nane.

Kukatika kunatokana na wembamba wa nafasi ya kupokelea. Skrini ya mashine hii husogea polepole, na inapoomba "ngoja", chipu ya adapta huwa bado ina herufi zilizokwisha kupangwa kutoka. Usiitegemee E peke yake. Weka pumziko mwishoni mwa kila mstari. Amri ya kwanza hupanga tundu, ya pili hutuma faili:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb ixon -opost
ascii-xfr -s -l 100 barua.txt > /dev/ttyUSB0

Hiyo 100 ni milisekunde. Iongeze hadi mistari isikatike. Ikishindikana, shuka hadi baudi 1200 kwa 58N1E, na huko Linux pia. Sisi tunaipenda 1200 kwa faili muhimu: polepole, lakini haipotezi. Programu za BASIC zinazopokelewa kwa LOAD "COM:88N1E" zinahitaji alama ya kumalizia faili, namba 26 ya ASCII (Ctrl-Z), mwishoni, la sivyo mashine itangoja bila kikomo. Ongeza -e kwenye amri ya ascii-xfr.

SWALI: Je, naweza kutumia kibao kidogo cha USB cha volti 5, kama vya Arduino, bila adapta? — *Mwanafunzi, Kakamega*

JIBU: Usiunganishe moja kwa moja. RS-232 hupanda na kushuka chini ya sifuri, na volti hasi zaweza kuua kibao chako. Isitoshe, maana ya moja na sifuri imegeuzwa, kwa hiyo hata kikinusurika hutasoma neno. Weka chipu ya MAX3232, inayobadilisha volti hizo, katikati pamoja na kapasita zake nne za 0.1 µF, na ya tano karibu na pini ya umeme. Ukipata MAX232 ya kawaida, kapasita ziwe 1 µF.