Mbwa mwenye cheo kuliko wanafunzi wote: niliyoyaona Texas A&M

Mleta uzi umeuliza mambo matatu: ni kweli kuna chuo Marekani ambako mbwa ana cheo kuwazidi wanafunzi, ni kweli akibweka darasani kipindi kinaisha, na je, mnyama mwenyewe anafaidi au anateseka tu na kelele za uwanjani? Halafu mdau mmoja hapo juu akadakia kwamba SUA, chuo chetu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, nao wafuge wa kwao. Nimesoma uzamili Texas A&M, pale College Station, fani ya udongo, na kuna muhula nilikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye kozi ambayo huyo mbwa alikuwa anaingia. Basi niseme ninachokijua.

Cheo ni kweli kabisa. Anaitwa Reveille, ni jike, wa aina ya koli, wale mbwa wa kuchungia kondoo wenye pua ndefu na manyoya mengi. Zamani wanafunzi wote wa chuo kile walipitia mafunzo ya kijeshi. Siku hizi ni hiari, na waliomo kwenye kikosi chao, Corps of Cadets, ni sehemu ndogo tu ya wanafunzi zaidi ya 70,000. Hao wanaishi kwa sare, tarumbeta na kwata. Aliyepita JKT ataelewa haraka. Mwanafunzi anayeongoza kikosi kizima ana almasi nne begani. Reveille ana tano kwenye vazi lake. Kwa hiyo kuruta wa mwaka wa kwanza akikutana naye anamwita kwa heshima zote, "Miss Reveille, ma'am", na hacheki. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni utani wa vijana. Si utani.

Asili yake haina ukuu wowote. Kisa kinachosimuliwa pale ni kwamba mwaka 1931 vijana wa kikosi walikuwa wanarudi chuoni usiku kwa gari, wakamgonga mbwa koko mweusi na mweupe. Wakambeba, wakamficha bwenini, ingawa kufuga kulikatazwa. Alfajiri tarumbeta ya kuamsha ikapigwa, mbwa akaanza kubweka, siri ikatoka, naye akapewa jina la mlio ule. Alikufa mwaka 1944. Koli wa kwanza hakuja mpaka mwaka 1966, naye alikuwa Reveille wa tatu. Aliyepo sasa, aliyeanza kazi mwaka 2021, ni wa kumi.

Sasa maisha yenyewe. Watu wakisikia maskoti, yaani mnyama wa nembo ya chuo, wanafikiria siku ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mechi za nyumbani ni chache mno kwa mwaka! Siku nyingine zote mbwa huyu anaishi bwenini na kijana mmoja wa mwaka wa pili, mwenye cheo cha koplo, anayetoka kombania moja tu, E-2, iliyopewa jukumu hilo tangu mwaka 1960. Koplo anakwenda naye darasani, kula, mazoezini, na likizo anamchukua mpaka kwao. Kuna mila kwamba Reveille akipanda kitanda cha mwanakikosi na kulala, mwenye kitanda analala sakafuni. Wapo wanaoiona mila hiyo ya kipuuzi. Mimi naona ina kazi yake: inamfundisha kijana wa miaka kumi na tisa kwamba kuna kiumbe ambaye usingizi wake unatangulia wa kwake.

Kwenye kozi yetu koplo alikaa kiti cha pembeni karibu na mlango, mbwa chini ya meza, tumbo kwenye sakafu ya baridi. Kazi ngumu ya yule kijana haikuwa mbwa. Ilikuwa watu. Kabla ya kipindi foleni ya picha, baada ya kipindi foleni ya picha, na kila mmoja anataka kushika kichwa. Alikuwa na lugha nzuri ya kuwakatalia bila kuwaudhi, na daftari lake lilikuwa na nusu kurasa tu za noti, maana nusu ya akili yake ilikuwa kwenye kamba. Nilikuwa namsogezea noti zangu.

Najua kuna atakayeuliza: wewe Mwislamu wa Tanga ulikaaje na mbwa chumba kimoja? Nilikaa mbali kidogo, basi. Kijana aliniona siku za mwanzo navuta kanzu ya maabara isiguswe, akaniuliza kwa adabu, nikamweleza, na tangu hapo kila nikipita kwenye safu yao anaivuta kamba upande wa pili. Nilipomwambia kwamba sisi Mashafii mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, alisema basi umesomea fani sahihi.

Kuhusu kubweka: ni mila, si kanuni ya chuo. Inasemwa akibweka katikati ya somo maana yake somo limemchosha, na darasa linaruhusiwa. Kwetu alibweka siku moja mtu alipogonga mlango. Darasa zima likamgeukia profesa. Naye akafunga kompyuta yake, akasema hana mamlaka ya kubishana na afisa. Profesa mwingine angeweza kuendelea kufundisha, na hakuna ambaye angemshtaki.

Anafaidi au anateseka? Kwa upande wa afya, mbwa wachache duniani wanaangaliwa vile. Chuo kina kitivo kikubwa cha tiba ya wanyama, madaktari wako palepale. Akistaafu hatupwi: wapo waliopelekwa kuishi kwenye kituo cha kulelea wanyama kilicho chini ya kitivo hicho. Wakifa wanazikwa upande wa kaskazini wa uwanja wa mechi wa chuo, Kyle Field, na maelfu ya watu wanahudhuria mazishi. Uwanja ulipopanuliwa ukuta ukaziba ubao wa matokeo, wakaweka ubao mdogo nje mbele ya makaburi ili "wanawake hawa" waendelee kuona mabao. Nimekwenda kuuona. Unafanya kazi.

Hatari zipo. Desemba 1993 Reveille wa sita aliibwa nyumbani kwa wazazi wa mlezi wake huko Dallas, kazi ya wanafunzi wa chuo pinzani cha University of Texas, alirudishwa mzima. Septemba 2014, mechi dhidi ya chuo cha SMU, mchezaji alitoka nje ya mstari kwa kasi akielekea moja kwa moja kwa mbwa, koplo akamkinga kwa mwili wake na kumsukuma mchezaji pembeni. Ukiona video utaelewa kazi ya koplo ni nini. Pia kuna joto. Septemba ya Texas ni kali hata kwa mtu wa Tanga, na koli kavaa koti lake la kuzaliwa nalo, uwanjani watu laki moja na ushee wanapiga kelele.

Lakini kinachonitatiza mimi hakizungumzwi: mlezi hubadilika kila mwaka. Mbwa analala miguuni kwa mtu mmoja mwaka mzima, anajua harufu yake na hatua zake, kisha kamba inakabidhiwa kijana mwingine. Kombania ni ileile, bweni ni lilelile, na hilo linasaidia sana. Ila nilikutana na yule koplo wetu baada ya makabidhiano, akanieleza kwamba akimwona Rev kwa mbali anabadilisha njia, asije akamchanganya mwenzake aliye mafunzoni. Sikuwa na la kumwambia.

Linganisha na University of Georgia. Maskoti wao Uga, buldogi mweupe, amekuwa mikononi mwa familia moja ya Savannah tangu mwaka 1956. Anakaa nyumbani kwao, wikiendi ya mechi anasafirishwa mpaka Athens, mji kilipo chuo. Kwa moyo wa mbwa naona huo ndio mpango bora. Kwa mwili, hapana: buldogi ana pua bapa, kupumua kwenyewe ni shughuli, ndiyo maana uwanjani ana kibanda chenye kiyoyozi na analalia mifuko ya barafu. Uga wa saba alikufa kwa moyo mwaka 2009 akiwa na miaka minne tu, wa nane akafa kwa saratani mwaka 2012. Na Januari 2019, kule New Orleans, fahali anayeitwa Bevo, maskoti wa University of Texas, alivunja kizuizi akamvamia Uga kabla ya mechi. Hakuumia, lakini wale wanaodai wanyama hai waondolewe viwanjani walipata hoja nzuri, na mimi kwenye hilo niko upande wao. Mbwa abaki chuoni, dakika za uwanjani zipunguzwe.

Mdau wa SUA: madaktari wa mifugo Morogoro mnao, na ardhi mnayo. Mtakachokosa ni nani atalala naye Julai chuo kikifungwa, na nani atanunua chakula bajeti ikichelewa. Mkipata majibu ya hayo mawili kwa majina ya watu, si kwa majina ya kamati, anzeni. Na msichukue koli, kwa joto lile. Chukueni mbwa wetu wa kienyeji, mwenye chanjo ya kichaa cha mbwa.